Bei ya Kwotabeki

Gary Wisniewski, fundi bomba wa Buffalo, alikuwa haambiliki. Katika mchezo wa ukoo wa kubashiri mpira wa Marekani, ambamo kila mtu humiliki wachezaji kwa jina tu na kuvuna pointi wanazopata uwanjani, yeye alikuwa na Trent Maddox, kwotabeki, yaani mrusha mpira mkuu, nyota wa timu ya jiji lao wenyewe. Siku moja akamwona kwenye televisheni akinywa maji kwa mkono wa kushoto, si ule wa kurushia mpira.

"Bega limekwisha huyu," akajiambia. Hapo hapo akambadilisha na wakimbiaji wawili wa shemeji yake, Colleen.

"Umemuuza mtoto wa nyumbani?" Colleen akacheka. "Usije ukalia, shemeji."

"Utalia wewe. Nimekuuzia gari bovu."

Jumapili ya mwisho ya msimu walijazana sebuleni kwa mama mkwe. Wale wakimbiaji walikuwa wameambulia patupu. Maddox akirusha mpira wa bao, pointi ni za Colleen na Gary anashika mkia, na mshika mkia huzoa theluji ya nyumba zote za ukoo mpaka baridi iishe. Asipofanya hivyo, timu ya Buffalo inafungwa.

Zilibaki sekunde chache. Maddox akarudi nyuma, akauvuta ule mkono wa kulia. Gary akauma kofia yake. Kosa, akaomba kimoyomoyo. Kosa, mwanangu.

Mpira ukapaa.

"Kamata! Kamata wewe!" mtu akapiga ukelele, na mpira ukatua mikononi mwa mpokeaji, ndani ya mstari wa bao.

Sebule nzima ikamgeukia Gary. Ndiye aliyekuwa amesimama juu ya kiti, sauti imemkauka, machozi yanamtiririka.

"Beleshi liko mlangoni, shemeji," akasema Colleen.