Mtahini wa Viti Apungua Kilo Hamsini na Nane

Saa mbili asubuhi, kiti cha mikono kinawekwa katikati ya karakana na mafundi wanazima mashine. Mtahini anaingia. Mlango ni mpana, watu wawili wangepishana bila kugusana, lakini yeye anaingia ubavu, tumbo amelibana, kama anayepita kwenye ufa wa ukuta.

Hakuna anayecheka. Wameshamwambia mara nyingi kwamba siku hizi anaenea, naye hujibu kwamba anajua, kisha kesho anaingia ubavu tena.

Anakaa. Mzee wa kupaka vanishi, mwenye vidole vya rangi ya chai, anaanza kumpakia mapajani mifuko ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, mpaka kidevu cha mtahini kinaegemea mfuko wa juu. Mifuko hiyo imeshonwa kwa kitambaa cha suruali. Mmoja bado una mfuko wa nyuma na kifungo chake.

"Kimya," anasema mtahini, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Anajisukuma nyuma, kiti kinasimama kwa miguu miwili, na karakana nzima inasikiliza kama watoto wanaosubiri kusomewa matokeo.

Jina lake hapa ni Tani. Alipewa enzi ambazo lilimstahili, na hakuna aliyepata ujasiri wa kulipunguza.

Kwa miaka mingi karakana hii haikutoa kiti, kochi wala kitanda kabla Tani hajakikalia. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu: kukaa kwa adabu, kujitupa kama mtu aliyetoka safari, na kuegemea nyuma kama mtu aliyeshiba. Kiti kilichofeli kilirudishwa kwenye gundi. Kilichofaulu kiliuzwa kwa maneno ambayo mwenye karakana, mwanamke mfupi mwenye penseli sikioni, aliyatamka kama kiapo: kikimbeba huyu, kitakubeba wewe na ukoo wako.

Wateja walikuja kutazama. Wengine walipiga makofi. Tani aliinama kidogo kuwashukuru, kisha akaenda nyuma ya karakana kukaa juu ya gogo, kwa sababu magoti yalikuwa yakiwaka moto.

Alikuwa na kilo mia moja sabini na moja. Mzani wa zahanati ulikataa kumsoma, akapelekwa ghala la nafaka, na mpimaji akapaza sauti kama alivyozoea: magunia mawili kasoro! Tani anasema alicheka pamoja na wote waliokuwepo. Alipofika nyumbani hakula, na siku hiyo mkewe alijua kwamba jambo ni zito.

Sukari ilikuwa imeanza kumla mguu. Daktari akamweleza bila kuzunguka: ama tumbo lipunguzwe kwa upasuaji, ama baadaye ukatwe mguu. Tani akauza pikipiki, ambayo kwa kweli ilikuwa imeshakata tamaa naye, akalazwa.

Mwanzo ulikuwa wa sherehe. Wiki za kwanza alikunywa maji na supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko, na uzito ukamtoka kama unga kwenye gunia lililotoboka. Mkanda ulitobolewa matundu mapya kwa msumari. Alifunga viatu vyake mwenyewe, akamwita mkewe aje aone. Mkewe alikuja, akatazama kamba za viatu, akarudi jikoni kufuta macho.

Kisha vikaja vitu ambavyo hakuna aliyevipigia makofi. Nywele zilibaki kwenye kitana. Baridi ilimwingia mchana wa jua kali. Ngozi ya mikono ikaning'inia kama shati la kuazima. Akila kijiko kimoja cha ziada, alitokwa jasho na kulala chini sakafuni mpaka moyo utulie. Majirani, ambao walizoea kumtania kutoka upande wa pili wa barabara, wakaanza kumsalimia kwa sauti ya msibani na kumuuliza mkewe pembeni kama wameshapata vipimo.

Dada yake mkubwa alimletea sufuria ya wali. Alipoona mdogo wake amekula vijiko vitatu na kuweka kijiko chini, alifunika sufuria na kuuliza amemkosea nini.

Zamani Tani na mkewe walikula sahani moja. Siku hizi yeye hula kwenye kisahani cha kikombe, na mkewe hula amesimama jikoni, mlango ameurudisha, ili asimtamanishe.

"Nyumba imekuwa kama ya watu waliogombana," anasema mkewe, fundi cherehani. "Hata kitandani. Godoro lilikuwa linainamia kwake, nabingirika nikitaka nisitake. Sasa nalala pale nilipolala. Nimempata mume mwenye afya, namshukuru Mungu. Lakini yule mwingine sikuagana naye."

Mwezi wa tano baada ya upasuaji uzito ukagoma kushuka. Alikula kidogo vilevile, alitembea vilevile, na mzani ukamtazama tu.

Ni katika kipindi hicho ndipo kiti kilipovunjika.

Kilikuwa kiti cha mikono, kimeagizwa na watoto wa mama mmoja, mstaafu wa posta, mwenye mwili mkubwa. Tani alikitahini kama kawaida. Alikaa, akajitupa, akaegemea. Hakikulia. Akakigonga mgongoni mara mbili, kama anavyofanya kwa vilivyofaulu, na kikapakiwa.

Katika karakana ile yenye watu wanaopima kila ubao mara mbili kabla ya kuukata, hakuna aliyekumbuka kumpima mtahini.

Mama alikikalia siku wakwe zake walipokuja kumtembelea. Mguu wa nyuma ulichomoka kwenye gundi, akaenda chini na kikombe mkononi. Hakuumia mwili.

Tani na mwenye karakana walikwenda kuomba radhi. Mama aliwapokea akiwa amesimama. Aliuliza ni nani aliyekijaribu kiti hicho, Tani akasema ni yeye. Mama akamwangalia kuanzia viatu mpaka shingo.

"Wewe?" alisema. "Si wangemkalisha kuku tu."

Tani angeweza kumwambia kwamba aliwahi kuanguka na kiti arusini, mbele ya kamera, na kwamba kwa miaka iliyofuata alihudhuria kila shughuli akiwa wima, akidai kwamba mgongo wake unapenda kusimama. Lakini nani angemwamini, na shingo ile nyembamba?

Mwenye karakana hakumfukuza. Alifanya jambo lililouma zaidi: alinunua magunia ya mchanga. Kiti kikiwa tayari, yaliwekwa magunia juu yake, na Tani akapewa msasa akasugue miguu ya meza.

Siku hizo alianza kununua maziwa mazito ya kopo. Chakula kigumu kilikwama, lakini utamu wa kimiminika ulishuka bila kuuliza njia. Kopo alilificha kwenye sanduku la randa. Mzee wa vanishi aliliona, akafunga sanduku, akarudi kwenye brashi yake. Mzani wa kliniki ndio uliosema: kilo nne juu.

Muuguzi alimuuliza anataka nini. Akajibu anataka kurudi kazini.

"Si uko kazini?"

"Ile kazi ilikuwa ya yule mwingine."

Muuguzi, ambaye Tani anamwelezea kama mkali mwenye huruma iliyofichwa mbali, aliweka kalamu chini. "Baba, mwili wako umepanda gari," alimwambia. "Moyo unakuja kwa miguu. Usirudishe gari. Usubiri."

Alisubiri, lakini hakukaa bure. Alikuwa ameona kwamba mchanga unavunja kiti kibovu tu. Kile kinachotaka kuvunjika mwezi ujao unakiacha kipite, kwa sababu mchanga hauegemei wala hauna masikio. Akamwomba mkewe akate suruali zake za zamani, zile zilizokuwa zikimsubiri kabatini, azishone mifuko. Wakaijaza pamoja uani, mpaka ikafikia uzito alioupoteza. Zile kilo nne nazo zimeshaondoka tena, na mifuko imeongezwa kwa kadiri hiyo.

"Siwezi kuibeba yote kwa mpigo," anasema, akiitazama kwenye kona ya karakana. "Narudi mara nne, mara tano. Halafu nakaa nashangaa. Hii yote nilikuwa napanda nayo ngazi, na watu wananiita mvivu. Hata mimi nilijiita."

Anapoulizwa kama amefurahi, anaunyoosha mguu. Mguu umepona. Kwenye kioo bado anaona mgeni, na mgeni huyo anaonekana mchovu.

Kiti kilicho katikati ya karakana leo ni cha yule mama. Tani amekitengeneza mwenyewe, kwa gharama yake, kipana, na miguu ya nyuma imefungwa kwa kabari. Binti wa mama ameeleza kwamba tangu siku ile mama yake hakai mbele ya watu. Wageni wakija, husimama akiegemea kabati, akisema mgongo wake unapenda hivyo.

Tani aliposikia maneno hayo aliomba arudie.

Jumapili atakodi mkokoteni, kiti mbele, mifuko nyuma. Atakikalia mama akiona, mzigo wote mapajani, ajitupe, aegemee. Kisha atapakua mchanga wake, atawaomba waliopo watoke, na yeye atatoka wa mwisho na kurudisha mlango.

"Mtu mwenye mwili asitazamwe anapokaa," anasema. "Akae kwanza. Watu waje baadaye."

Na je, mama asipokaa?

Anasugua mkono wa kiti kwa kiganja, ingawa ulishasuguliwa.

"Nitakuwa nje ya mlango," anasema Tani. "Akikaa, nitasikia."