Kisiwa Kizuri, Ila Mke Hakuulizwa

Siku hizi watu wanapanda miwa hadi mlangoni. Jumanne, katika ofisi ya ardhi hapa Kakamega, nilisimama nyuma ya mzee aliyestaafu kiwandani. Alitaka kukodisha shamba lote lipandwe miwa, hata uwanja wa nyumba, kisha ahamie kisiwani kule ziwani.

Karani akaacha kazi, akaanza kumshauri. "Mzee, huko mtakulanga samaki kila siku! Hakuna moshi wa kiwanda, hakuna shemeji wa kubisha hodi."

"Lakini hospitali iko mbali."

"Basi usigonjeke!"

Wakacheka. Mke wa mzee alikaa kwenye benchi, mikono ndani ya leso. Hakuna aliyemgeukia hadi karani alipohitaji alama yake kwenye fomu ya kukodisha, akamsukumia kidau cha wino.

"Mama, weka kidole hapa."

Mama akamtazama mumewe. "Baba watoto, kifungua mimba wetu tulimzika kando ya jiko. Trekta itapita wapi?"

Mzee akainama, akageuzageuza kofia.

"Hayo mtaongea nyumbani," karani akasema. "Foleni inangoja."

Damu ikanichemka. "Foleni ni mimi," nikamwambia, "na sina haraka!"

Mama akakunja ngumi, kidole gumba ndani, akatoka. Mzee akamfuata. Fomu ikabaki bila alama.

Sina neno na kisiwa. Anayetaka kuzeekea majini, na aende. Lakini mwanamume anayemwuliza karani habari za hospitali kabla ya kumwuliza mkewe habari za kaburi, huyo hata Shieywe, hapa hapa mjini, asihamie.