Tembo wa Ha Mphatla

Kijijini Ha Mphatla, katika milima yetu sisi Wasotho, watu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba Sekake Ntsohi ni mvivu. Mkewe, Malineo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Mwanamume amechimba dhahabu ya Afrika Kusini miaka kumi na saba, amerudi nyumbani na mabega mapana, halafu anashindwa kulima shamba moja? Anashika plau, anakwenda mistari mitatu, anakaa. Akitoka bondeni kupanda kwenda nyumbani, anasimama mara nne njiani akijifanya anatazama mawingu.

"Huyu mnayemwona ni Motloung, mtu wa ukoo wa tembo," Malineo aliwaambia wenzake. "Sasa tembo gani huyu anayeshindwa na kilima?"

Wanawake walicheka. Hata mimi nilicheka, na leo naona haya.

Mimi naitwa Mpolokeng. Nafanya kazi katika chama cha wachimbaji wa zamani, ofisi ya meza moja na viti viwili mjini, chini ya mlima wa akina Sekake. Kuna mfuko mmoja kule Johannesburg unaowalipa fidia watu walioharibiwa mapafu na vumbi la migodi. Kazi yangu ni kuwasaidia wazee wetu waupate huo mfuko, au tuseme mfuko uwapate wao. Ni kazi ya kuandika barua na kungoja, na mimi kungoja sikujaliwa.

Sekake alikuja mara ya kwanza wakati wa baridi kali, blanketi lake limefungwa kwa pini begani. Alikaa kitini kimya mpaka pumzi ikamrudia. Nilidhani ataniuliza ni pesa ngapi, maana wote huanza na hilo.

"Binti yangu," akasema, "pesa ikija nitashukuru, sitadanganya. Lakini mimi nataka karatasi. Iandikwe kwamba mimi naumwa, nimpe Malineo asome."

Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Utoto wake ulikwenda na ng'ombe milimani, kama wavulana wengi wa rika lake, na wasichana ndio waliokwenda shule. Malineo alikuwa amesoma mpaka darasa la saba.

Sikuliona jambo gumu. Nilipeleka jina lake Johannesburg, maana madaktari wa mfuko hawampigi mtu picha ya kifua mpaka kwanza aonekane katika kumbukumbu za migodi. Jibu likarudi: hakuna mtu kama huyo. Nikapeleka tena, nikaandika jina kwa kila namna ambayo karani aliyechoka angeweza kulikosea. Hakuna. Kitabu chake cha mgodini kilikuwa kimewekwa sandukuni, na mwaka mmoja paa lilivuja likakigeuza uji. Wenzake wawili aliolala nao chumba kimoja wamekwisha kufa, wote kwa kikohozi. Miaka mitatu tukazunguka hapo hapo. Kila alipokuja nilimpa jibu lile lile, naye alinishukuru, na ile shukrani ndiyo iliyonikera kuliko yote. Heri angenitukana.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Miaka hiyo hiyo mitatu mfuko ulikuwa ukituletea orodha ya watu wanaotafutwa, watu walio katika kumbukumbu na hawajulikani walipo. Kila mwisho wa mwezi niliisoma kwa sauti katika ukumbi wa kanisa. Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na jina: Hamphatla, Motloung. Nililisoma kama lilivyoandikwa, mbio mbio, kama jina la mgeni wa mbali, nikapita. Sekake alikuwa akikaa safu ya pili. Alilisikia zaidi ya mara thelathini, akakohoa, akanyamaza.

Kwetu kijana akiulizwa na mtu mzima asiyemjua, "Wewe ni nani?" hakurupuki kutaja jina lake. Atataja ukoo wake kwanza, kisha atasema ametoka kwa nani. Hayo ndiyo malezi. Mwaka aliokwenda migodini Sekake alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke jandoni, adabu bado mbichi kichwani, na kuoa nako ameoa juzi. Karani wa kuandikisha watu wa migodini akamuuliza yeye ni nani. Akajibu vizuri kabisa, kofia mkononi: mimi ni Motloung, wa Ha Mphatla. Karani hakuwa mtu wa kwetu. Akaandika alichosikia, ukoo ukawa jina, kijiji kikawa jina la baba. Na kwa kuwa mgodini kila mtu alimwita Motloung, na mshahara aliupokea kwa kubonyeza dole gumba, Sekake hakujua kamwe kwamba ana jina la pili. Lakini yote haya nimeyajua baadaye.

Mwaka jana mfuko ulitangaza kwamba gari lake la picha za kifua litakuja mjini kwetu Alhamisi moja, na halitarudi tena. Wasioonekana katika kumbukumbu wasijisumbue. Jumatano yake Sekake akaja, safari hii na Malineo, ambaye alikuwa ametoka kununua unga na hakuficha kwamba ofisini kwangu anapoteza wakati. Nikamwambia Sekake kwamba bado hayumo. Nikamwambia pia kwamba kesho ndiyo mwisho. Hakunishukuru. Alikaa tu, mikono magotini, na mimi nikaishika ile orodha niitazame kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

Malineo alikuwa mlangoni, mfuko wa unga kichwani.

"Motloung wa Ha Mphatla," akamwita kwa dhihaka yake ya siku zote, "inuka twende, au hapa napo pana kilima?"

Macho yangu yalikuwa kwenye ukurasa wa pili.

"Mama, sema tena," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Ulivyomwita. Sema tena polepole."

Alidhani namfanyia mzaha, akasema tena kwa hasira, neno moja moja. Nikaweka kidole chini ya jina. Motloung. Ha Mphatla. Mimi, Msotho wa kuzaliwa, nimesalimiana na watu kwa koo zao tangu nilipojua kusema, nimelisoma jina hilo miaka mitatu kama kasuku. Nilipiga meza kwa kofi mpaka kalamu zikaanguka.

Nikapiga simu Johannesburg. Aliyepokea ni Bibi Venter, mama mmoja mwangalifu ambaye sijapata kumwona. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua jalada, akasema hadithi ni nzuri ila yeyote anaweza kusema kwamba yeye ni tembo. Jalada lenyewe lina kasoro, akaniambia. Limeandikwa mke anaitwa Malineo, yaani mama yake Lineo, jina la msichana, hilo hata yeye analijua. Lakini chini yake imeandikwa: watoto, hakuna. Na katika fomu niliyompelekea mimi ya Sekake Ntsohi mke ni huyo huyo Malineo, ila kuna watoto watatu, wavulana watupu. Sasa huyo Lineo yuko wapi? Ama jalada ni la mtu mwingine, ama kuna anayedanganya.

Nilipoanza kumweleza, Malineo alitua unga wake sakafuni, akanyoosha mkono. Nikampa simu.

"Dada, Malineo ni mimi," akasema. "Siku niliyofika kwa wakwe zangu walinivika blanketi wakanipa jina hilo. Kwetu bibi harusi huitwa mama wa mtoto anayeombwa, sio aliyezaliwa. Mwezi ule ule mume wangu akaenda mgodini. Mtoto hatukuwa naye. Lineo hakuja. Nilizaa wavulana watatu, na watu wamenicheka miaka yote naitwa mama wa mtu asiyekuwepo. Sasa niambie wewe, mwongo gani angelijua jina hilo?"

Akanirudishia simu. Kisha Bibi Venter akasema kesho tumlete, alama ya dole gumba italinganishwa na ya zamani, na jina lake atalitia katika orodha usiku huu.

Sekake alikuwa amesikia kila neno. Akatikisa kichwa polepole.

"Kumbe ulikuwa unaniita mimi pale kanisani," akaniambia.

"Nilikuwa nakuita wewe, baba. Nisamehe."

"Mimi nilifikiri, huyo Hamphatla naye mzembe kweli, anaitwa haitiki."

Tukacheka wote watatu, Malineo zaidi, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya blanketi.

Alhamisi lile gari lilisimama mbele ya kliniki, na walipoita "Hamphatla" Sekake akasimama na kofia mkononi, akasema, "Mimi hapa." Dole gumba likakubali. Daktari kijana alimwonyesha Malineo picha kwenye mwanga, akamwonyesha palipostahili kuwa peusi na jinsi palivyojaa madoa meupe. Hilo ni vumbi la mawe, akasema, halitoki, na mzee huyu kila pumzi anaivuta kupitia humo. Malineo aliuliza swali moja tu: tangu lini. Daktari akamjibu kwamba bila shaka tangu kabla hajarudi nyumbani.

Barua ilikuja baada ya miezi minne. Mfuko umemkubali Sekake Ntsohi, aliyeandikishwa kwa jina la Motloung Hamphatla, na fidia yake itapita benki ya mjini kabla ya msimu wa kulima. Alishaniambia atakachofanya nayo: kijana wa jirani ana ng'ombe wa plau, atamlipa amlimie mashamba yote mawili. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza upande na upande, kisha akampa mkewe kama alivyoahidi.

Malineo alisoma kwa sauti, vizuri, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alipofika kwenye neno "ugonjwa" akasimama. Akaisoma sehemu iliyobaki kimoyomoyo, akaikunja, akaitia kifuani.

Jioni ile nilikuwa na safari ya kijijini kwao, nikapanda nao. Miaka yote nimewajua, Malineo hutangulia kilimani hatua hamsini, akigeuka kumtania mumewe. Siku hiyo alikwenda nyuma yake. Kwenye kona ya kwanza, kabla Sekake hajaanza kutazama mawingu, Malineo akakaa juu ya jiwe.

"Nini tena?" Sekake akauliza.

"Kiatu kinanibana."

Tukapumzika. Kwenye kona ya pili akakaa tena, akakivua, akakikung'uta, hakikutoka hata punje ya mchanga.

"Malineo," Sekake akasema, "viatu hivyo umevivaa miaka sita."

"Basi vimeanza kunibana leo," akasema, na akasogea kumpa nafasi kwenye jiwe. "Kaa, Motloung. Kilima hakihami."