Mti wa Upinde wa Binti

Kabari halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Kabari ni kile kipande cha chuma chenye makali bapa ambacho hupigiliwa kwenye gogo mpaka gogo lipasuke, na watu wa mtaa walimbatiza hivyo kwa sababu ndicho chombo alichoshika kutwa, na kwa sababu hakuna kikao alichoingia kikabaki kizima. Ndugu wawili wanaongea vizuri, anafika Kabari, na baada ya dakika kumi mmoja wao anatafuta viatu vyake aondoke.

Alichonga pinde na mishale kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Humo ndani alikuwa mtu mwingine kabisa. Akigonga kipande cha mti kwa kidole na kukisikiliza, uso ulilainika, na mkewe aliwahi kumkuta akikiomba radhi kwa kukiangusha. Watu hawakupata bahati hiyo. Mteja akisema tu kwamba upinde ni mzito kidogo, aliambiwa akanunue fimbo.

Basi asubuhi ya siku ya tatu ya safari, mtu huyu alikuwa amekaa kwenye gari la yule aliyemchukia kuliko wote duniani: shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa majokofu. Walikuwa hawajasemeshana tangu chai. Dirisha la upande wa Kabari lilikuwa halifungi, la upande wa shemeji halifunguki, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyelifanya hivyo makusudi.

Kilichowaweka kwenye kiti kimoja ni binti. Binti wa Kabari alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa kulenga shabaha hakuwa na mpinzani kwa umri wake. Mwezi uliopita upinde wake ulivunjika mazoezini, pale pale pa kushikia. Mashindano makubwa ya pinde za jadi yalibakiza miezi saba, na sharti lake halina mjadala: upinde uwe wa mti mmoja, bila gundi wala chuma. Mwaka ujao binti angevuka umri wa kundi lake. Mti mbichi nao unataka miezi sita kivulini kabla haujachongwa. Hesabu hiyo hata mlevi angeiweza: mti upatikane wiki hii, au binti akae nyumbani.

Karibu na kwao miti ya kufaa ilikwisha zamani. Kabari hana gari. Shemeji alikuwa na majokofu matatu ya kupeleka kwenye maduka ya mbali, huko barabara inakopanda milimani, na mke wa Kabari akaipanga safari bila kumwuliza mtu. "Mtakwenda wote," alisema, "na mtarudi wote, na sitaki kusikia neno."

Neno lilianza kabla hawajatoka mtaani.

"Simamisha!" Kabari alikuwa akipiga kelele, na shemeji akikanyaga breki, majokofu yakigongana huko nyuma. Kila mara Kabari alishuka, akaushika mti wa watu, akaufuata kwa macho kutoka chini hadi juu, akaulamba mahali alipokwangua gome, kisha akarudi garini amenuna.

"Huo nao una nini?"

"Umejisokota."

"Mbona mimi nauona umenyooka?"

"Wewe tazama majokofu, shemeji. Gome limezunguka kama nguo iliyokamuliwa. Ukiupasua utakwenda unakozunguka, si unakotaka wewe."

Walisimama mara thelathini na kitu. Mara moja walisimamia kijito, wakakata matete ya mishale, na hata hapo waligombana, kwa sababu shemeji alikata yaliyokomaa na yasiyokomaa pamoja. Kabari aliyachambua moja moja, akiyatupa mabaya miguuni mwa mwenzake bila kusema kitu. Mtu mzima na mvi zake.

Mti waliupata nyuma ya zahanati ndogo, siku hiyo hiyo ya tatu saa tano. Ulikuwa umesimama wima kati ya ukuta na kamba ya kuanikia mashuka, shina jembamba lisilo na kifundo tangu magotini hadi juu ya kichwa cha mtu. Kabari aliuzunguka mara mbili. Aliogopa hata kuugusa.

Muuguzi mkuu alitoka na glavu mkononi. Hakuwa na muda na wageni.

"Huo unaniharibia bati kila upepo ukivuma. Nina kibali cha kuukata tangu mwaka jana, mkataji ndiye hajaja. Mnautaka?"

"Tunautaka, mama," alisema shemeji haraka, kwa sababu alimjua Kabari angeanza kubishana hata na riziki.

"Kateni. Lakini mashuka yangu yakipata vumbi mtayafua nyinyi."

Walianua mashuka kwanza. Kisha waliuangusha mti polepole kwa kamba, wakakata gogo la urefu wa binti na kiganja kimoja zaidi, maana pengo lililobaki nyuma ya gari lilikuwa hilo tu. Msumeno ulikomea hapo. Mti wa upinde haupasuliwi kwa msumeno, kwa sababu msumeno unakata nyuzi za mti popote unapopita, na upinde wenye nyuzi zilizokatika humvunjikia mwenyewe usoni. Unapasuliwa kwa kabari, ili mti uchague njia yake. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja ashikilie chuma, mwingine apige nyundo.

Shemeji alipiga nyundo. Tusimnyime haki yake, alipiga vizuri, taratibu, akingoja kila mara Kabari asogeze chuma. Mti ulilia, ukanyamaza, ukalia tena, halafu ukafunguka kutoka mwisho hadi mwisho. Nusu moja ilikuwa na kifundo kilichojificha ndani. Nusu ya pili ilikuwa safi, nyuzi zake zimenyooka zote, na Kabari aliketi chini akaipitishia kiganja. Kwa kitambo kidogo wanaume wale wawili walikuwa wanatabasamu upande mmoja, jambo ambalo halijapata kutokea tangu harusi.

Kilichobaki ni nta. Kabari aliiyeyusha kwenye kopo juu ya mawe matatu, akaeleza bila kuulizwa, maana furaha ilikuwa imemlegeza ulimi. Mti mbichi hupumua kwenye ncha zake mbili. Usipoziziba siku hiyo hiyo, ncha zinakauka kabla ya tumbo la katikati, na mti unapasuka. Alichovya brashi, akapaka ncha ya kwanza mara tatu mpaka ikang'aa.

"Mtoto atafurahi," alisema shemeji. "Nimeshamwambia siku ya mashindano nitafunga karakana, nimpeleke mwenyewe."

Brashi ilisimama. "Nani kakutuma?"

"Kanituma yeye. Huwa nampeleka mimi, shemeji, hujui?"

"Mimi ndiye baba yake."

"Sijakataa. Lakini nikuulize, tangu aanze kushindana umekwenda kumtazama mara ngapi?" Shemeji, aliyemeza mengi kwa siku tatu, akaona bora amalize. "Hata mara moja! Anashinda, anageuka kutafuta mtu wa kumwonyesha, ananikuta mimi. Juzi mwamuzi kaniita baba yake, na mtoto hakumsahihisha."

Hilo ndilo lililomchoma Kabari. Akainuka, brashi mkononi, nta ikimdondokea kiatuni. Hakwenda kutazama kwa sababu aliogopa upinde wake ungevunjika mbele ya watu, akaita woga huo kazi nyingi. Lakini hayo hakuyasema. Alisema lililokuwa karibu na baya kuliko yote.

"Wewe huna mtoto. Miaka ishirini ya ndoa, nyumba kimya. Ndiyo maana unazurura kuiba wa wenzio."

Muuguzi aliyekuwa dirishani alifunga dirisha. Shemeji hakurusha ngumi wala tusi. Alitazama chini, akautazama mti, akamtazama Kabari, akaenda kufagia vipande vya magome ili mashuka yapate kuanikwa tena. Kabari akatupa brashi kwenye kopo, akakizungushia kile kipande safi magunia, akakifunga kamba, akakipandisha garini peke yake, na kopo la nta akalisukuma chini ya kiti. Wangesaidiana kingekuwa chepesi.

Njia ya kurudi ilichukua siku mbili, jua kali na upepo mkavu, na ndani ya gari hakukuwa na hata "pole". Jokofu la mwisho walilipeleka bila kusemezana. Walipoelekezana walionyeshana kwa vidole. Usiku wa pili walilala gesti chumba kimoja, kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Walifika nyumbani mchana. Binti alitoka mbio akiwa na kanga ya jikoni begani, akamkumbatia mjomba kwanza kwa sababu ndiye aliyeshuka kwanza. Kabari aliliona hilo pia, akaliweka moyoni pamoja na mengine. Alikilaza kipande kwenye benchi la kibanda, akakata kamba, akafungua magunia mbele yao wote.

Ufa ulianzia nchani, mweusi, ukapita urefu wa mkono, ukaingia hadi pale pa kushikia.

Kabari aliufuata ufa kwa kidole mpaka mwisho wake, na kidole kilipofika, akalipuka.

"Umeniulia mti! Ulilianika gari juani pale dukani saa nzima!"

"Nililiegesha kivulini. Na juu ya magunia niliweka koti langu."

"Mwongo! Umefanya makusudi, kwa wivu wako! Toka kwangu. Na wewe," akamgeukia mkewe aliyefungua kinywa, "usinitetee mwizi kwa kuwa ni kaka yako. Toka! Nyumba hii usikanyage tena."

Shemeji alianza kusema kitu. Alimtazama binti, akakimeza. Akachukua koti lake na kuondoka, na gari lilisikika likikataa kuwaka mara mbili kabla ya kukubali.

Binti alikuwa amebaki kwenye benchi. Alikuwa amekulia ndani ya kibanda kile kuliko baba yake alivyokumbuka. Alikigeuza kipande, akapapasa ncha isiyo na ufa, iliyokuwa laini na inang'aa. Akaja upande wa pili, wenye ufa, akapapasa, akainama akanusa.

"Baba, huku hukupaka nta."

"Imebanduka."

"Nta haibanduki bila kuacha doa. Umenifundisha wewe. Hapa ni mti mtupu."

Kabari alisogea kutazama. Ncha ilikuwa kavu, nyeupe, haijaguswa na kitu. Akajiona pale zahanati ameinuka na brashi, nta ikidondoka kiatuni. Akatazama kiatu. Tone lilikuwapo bado.

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alisema polepole, "Basi mpigie kaka yangu umwambie."

"Nitampigia kesho."

"Sasa hivi," alisema binti. Alikwisha toa simu yake. Aliipiga, akafungua spika, akaishika katikati yao, mkono ukiwa umenyooka na umetulia, mkono uliozoea kushika upinde.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mjomba, na nyuma yake injini.

"Ni mimi," alisema Kabari. Alikohoa. "Ule mti. Nimetazama. Ncha moja sikuipaka nta. Ni mimi."

Injini ilizimwa kule.

"Najua," alisema shemeji. "Nilikuona."

"Ulinionaje?"

"Nilikuona umeacha ncha moja, ukafunga magunia. Ulikuwa umetoka kunieleza habari ya nta dakika tano nyuma. Nilijua."

"Siku mbili!" Kabari alisahau kwamba yeye ndiye aliyekuja kuomba radhi. "Siku mbili tumekaa kiti kimoja, kopo la nta liko miguuni mwako, hukusema! Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniambia sina mtoto," alisema shemeji, na sauti ilikuwa shwari kabisa. "Nikasema sawa. Basi ule ni upinde wa mtoto wako, wewe ndiye utaangalia. Mimi unanihusu nini?"

Kabari aliitazama simu, halafu akautazama mkono uliokuwa umeishika. Ulikuwa umeshuka hadi kwenye benchi.

"Mjomba," alisema binti.

"Mwanangu. Uko hapo? Mwanangu, nisikilize kwanza, nili—"

Binti alikata simu. Mama yake alinyoosha mkono amshike, binti akampita. Baba yake alisema jina lake, akampita naye. Aliingia ndani, akatoka na karatasi ya kujiandikisha kwenye mashindano iliyokuwa imebandikwa ukutani kwake, akaiweka juu ya benchi kando ya mti uliopasuka, kisha akarudi jikoni, kwa sababu sufuria ilikuwa inaungua.