Mbolea ya Mahindi kwenye Ua la Mama

Nakumbuka Jumamosi moja, Mwanangu, nikiwa mke mgeni pale Makongeni, nilipokaribia kuliua ua la marehemu mama yangu kwa mapenzi tu. Lilikuwa lile la majani marefu yenye milia myeupe, kitu pekee chake nilichokuja nacho kutoka nyumbani. Nililipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaliweka dirishani.

Ncha za majani zikaanza kukauka. Nikasema moyoni, lina njaa. Shemeji alikuwa ametuletea mbolea ya mahindi iliyobaki shambani, nami, binti wa wakulima, nikajiona mtaalamu! Nikatia kijiko kimoja. Majani yakaungua zaidi. Nikatia viwili. Nililia, maana niliona kama ninamzika mama mara ya pili.

Bi Zuhura, jirani yangu mjane, akaingia kuomba kiberiti. Aliuona mkebe, akakwangua udongo kwa ukucha, ukatoka ukoko mweupe.

"Umeupa nini mmea huu?"

"Maji tu, Bi Zuhura."

"Wacha uongo, binti yangu. Maji gani yanaacha chumvi hivi? Huu hauna njaa, umevimbiwa. Na mkebe wenyewe hauna hata tundu!"

Niliona haya, nikakiri. Alicheka kidogo, akachukua msumari akatoboa mkebe chini, kisha tukaenda bombani tukapitisha maji matupu mara nne, tano, yakatoka yote. "Sasa usiupe chochote mpaka utoe jani jipya," akasema. Kungoja huko kulinichosha kuliko kufua. Baada ya wiki kadhaa jani likachomoza, bichi hadi nchani, nikakimbia kumwita bila viatu.

Bi Zuhura ametangulia mbele ya haki, nami sijamaliza kumshukuru. Hilo ua ulilonitumia picha yake jana kwa simu, ukiuliza ununue mbolea gani, ni mtoto wa ua lile. Usinunue kitu, Mwanangu. Gusa udongo kwanza, tafuta ukoko, angalia kama maji yanatoka chini. Na ukiulizwa umetia nini, sema kweli hata kama ni aibu, kwa sababu Bi Zuhura angeuamini uongo wangu, mmea ule ungekufa. Mungu akujalie jirani mwenye macho kama ya Bi Zuhura, na dirisha lako lisikose jani bichi.