Marehemu wa Ndani ya Kompyuta

Haya, nyinyi wote wenye vikombe mkononi, wekeni chini. Na wewe unayecheka hata sijaanza, funga mdomo, usije ukamwagia mwenzako chai. Nasema mbele ya Mungu na mbele ya huyu mbuzi anayenitazama: mimi nimemwona mtu akifa kutwa nzima, na kesho yake yuko pale pale, mashavu mekundu, hata kukohoa hakohoi.

Mnabisha? Ngojeni.

Ilikuwa hapa Garissa, miaka ya tisini inaelekea mwisho, baada ya zile mvua zilizokata barabara mpaka ngamia wakajifunza kuogelea. Mimi nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Shule sikuingia hata kwa kuchungulia dirishani, lakini lile gari nililijua kama mke wangu, likikohoa tu najua limekasirikia nini. Kazi yangu ilikuwa kupeleka wagonjwa wazito Nairobi, na wa moyo ndio walionishinda. Aliyevunjika mguu atafika analia, lakini atafika. Wa moyo ananyamaza njiani.

Mmoja aliyenyamaza alikuwa ndugu wa sista wetu. Huyu sista ndiye aliyekuwa mkubwa wa wodi ya wanaume, mama wa makamo, akipaza sauti hapa malori yanafunga breki Modogashe. Sisi sote tulimwita abaayo, yaani dada mkubwa, hata wazee waliomzidi umri. Siku ile alikaa nyuma ya gari langu ameshika mkono wa ndugu yake, na kabla hatujafika Mwingi akagonga kioo polepole. Akaniambia, "Punguza mwendo, walaal, ndugu yangu. Hakuna haraka tena."

Hilo sikulitia chumvi. Ndivyo alivyosema, na mimi nikapunguza.

Sasa, mwaka uliofuata akaja mwalimu kutoka Nairobi, kijana mwembamba, shati kalichomekea na jua lote lile, na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na mashine ya kushtua moyo. Unamwekea mgonjwa vibao viwili kifuani, mashine inampiga umeme, na moyo uliopotea njia unarudi barabarani. La pili lilikuwa na kompyuta. Mwalimu akasema hatujifunzii kwa mtu mwenye afya, maana umeme huo ukimpata mwenye moyo salama unaweza kumwua. Kwa hivyo wauguzi watajifunzia kwa mtu aliye ndani ya kompyuta.

"Yumo ndani?" nikamwuliza.

"Yumo."

Nikazunguka nyuma ya kompyuta. Nyaya tu, na vumbi la Garissa, ambalo lilifika kabla yangu. Nikarudi mbele. Yumo! Mzungu mnene, kifua wazi, amelala kitandani anapumua kama amekula pilau. Nikarudi nyuma tena. Hayumo. Wallahi nililizunguka lile dude mpaka mwalimu akanishika shati.

"Anakula nini huyu?" nikauliza.

"Umeme."

"Na ni wa ukoo gani?" akauliza abaayo. Alikuwa anauliza kila mgonjwa swali hilo, ili ajue amtumie nani habari.

Mwalimu akacheka. "Huyu hana ukoo, sista. Hana mtu kabisa."

Chini ya dirisha alikuwa amekaa mama mmoja muuza chai, mwenye masikio ya kusikia mpaka Liboi. Akaacha kukoroga sukari.

Mwalimu akatuambia sharti lake. Mashine ni moja, na hospitali zinazoitaka ni nyingi. Ijumaa baada ya swala anaondoka. Kama kuna mtu wetu hata mmoja atakayeweza kumrudisha mzungu huyu, mashine inabaki Garissa. Kama hakuna, inaondoka naye. Nikamwona abaayo anaangalia lile sanduku la kwanza. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta.

Kando ya yule mzungu kulikuwa na mstari. Akiwa mzima, mstari unapanda na kushuka kama mtu anayetembea vilimani. Moyo ukiharibika, unatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. "Hapo ndipo unashtua," mwalimu akasema. "Unaita 'Wote mbali!' ili mtu yeyote asimguse, halafu unabonyeza. Ukichelewa, mstari unalala chali, na ukilala hii mashine haisaidii tena."

Wauguzi wengine wakajaribu, wakamuua. Mmoja alimuua kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Zamu ya abaayo ikafika, sote tukajazana dirishani. Mstari ukaanza kutetemeka, mzungu akageuza macho. Na abaayo akafanya nini? Akaachilia kile kidude cha kubonyezea, akanyoosha mkono kumshika mzungu, vidole vikagonga kioo. Akainama pale kwenye sikio la yule mtu, akaanza kumsomea shahada.

Si ndivyo tufanyavyo? Mtu akigeuza macho, unamshika mkono, unamsomea ili aondoke na neno zuri. Na sisi dirishani tukaitikia kwa adabu. Tulipomaliza, kompyuta ikalia tiiiiiiii.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," tukasema wote.

Mwalimu akajishika kichwa. "Sista! Alikuwa hajafa!"

"Hajafa, na macho yamegeuka?"

"Hata si Mwislamu!"

"Umemwuliza?"

Mwalimu akabonyeza kitu, mzungu akafufuka, tukaanza upya. Na upya tena. Kila mstari ukitetemeka, mkono wa abaayo unaruka wenyewe kumshika mgonjwa, na kila ukiruka, mzungu anatutoka. Alhamisi kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole mpaka marehemu anaonekana ana ndui.

Alhamisi hiyo hiyo nilikuwa naosha gari, akaja mzee mchimba makaburi, jembe begani. Mzee wa watu, hana maneno mengi.

"Warya, we kijana, huyu anayekufa humo ndani, ni mrefu?"

Nikajua naye amesikia habari za kompyuta, anataka elimu. Mimi nilikuwa nimeona kichwa na kifua tu, lakini kusema sijui huwa kunaniwasha koo. "Mrefu kama mimi hasa, adeer, ami yangu," nikamwambia. "Na mabega haya haya."

Akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye sandali, akaniambia simama wima. Nikasimama. Akaondoka. Nikasema, huyu mzee kweli anapenda maarifa.

Jioni abaayo alikuja akakaa kwenye ngazi ya gari, nyuma, pale pale alipokaa na ndugu yake.

"Walaal, siku ile kama tungekuwa na hiyo mashine?"

"Mungu ndiye anajua, abaayo."

"Naijua kazi yenyewe. Usingizini naijua. Lakini mtu akigeuza macho, mkono unakwenda." Akautazama huo mkono kama wa mtu mwingine. "Kumsomea sitaacha. Kumsomea ni kazi ya mdomo. Mkono ndio lazima nipate mahali pa kuuweka."

Ijumaa nilitoka msikitini mbio, sandali moja mguuni, moja mkononi, nikarukia dirisha letu. Nilikuta mwalimu ameshafunga sanduku la mashine kwa kamba, na gari lake linanguruma nje. "Mara ya mwisho, sista," akasema.

Mstari ukatetemeka. Mzungu akageuza macho. Nikaona mkono wa kushoto wa abaayo unaruka, na katikati ya safari akaukamata, akauweka chini yake, akaukalia! Wallahi aliukalia kama mtu anayekalia kuku asitoroke. Mdomo unasoma shahada, mkono wa kulia uko kwenye kidude.

"Wote mbali!"

Sauti hiyo, ndugu zangu! Wagonjwa wa wodi nzima wakainua miguu. Mwenye dripu alisimama juu ya kitanda. Mwalimu mwenyewe akajibandika ukutani. Mimi niliruka kutoka dirishani, nikatua kwenye sufuria ya mama wa chai, na mpaka leo kisigino hiki kina rangi ya maziwa.

Akabonyeza. Mzungu akaruka. Mstari ukasita. Halafu tip. Kilima kimoja. Tip, tip. Cha pili, cha tatu, mstari unatembea.

Watu wakapiga kelele, lakini abaayo hakupiga. Aliutoa ule mkono wa kushoto, akauweka juu ya kioo, taratibu, sasa ambapo hakuna haraka.

"Haya, walaal," akamwambia mzungu. "Twende."

Mwalimu akafungua kamba, akalisukuma lile sanduku mpaka miguuni kwake.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee mchimba makaburi, udongo mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake wanaume waliotoka msikitini na kanzu zao nyeupe, wamebeba jeneza na sanda mpya. Kumbe mama wa chai alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba hospitalini kuna mgeni anakata roho, hana ukoo, hana mtu. Na nyinyi mnajua, kwetu asiye na mtu anazikwa na kila mtu, tena upesi.

"Tumekuja kumchukua," mzee akasema.

"Ni mzima, adeer," abaayo akamjibu, akamwonyesha.

Mzee akainama akamtazama mzungu. Akazunguka nyuma ya kompyuta. Akarudi mbele.

"Miguu yake iko wapi?"

"Hana," mwalimu akasema. "Anaishia kifuani."

Mzee akajifuta jasho. Alikuwa amechimba tangu alfajiri kwenye jua letu lile, kaburi refu, lenye nafasi ya mabega. Akaangaza macho chumba kizima, polepole, mpaka yakanifikia mimi, niliyekuwa nimerudi ndani na kusimama kwa mguu mmoja, kisigino kinachuruzika chai. Akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye sandali.

"Panda jeneza, warya! Kipimo ni chako!"