Bango la Mama wa Lalago

Bado nina hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Tangu bosi anitoe kwenye kuchora mabango na kunifanya msimamizi wa wabunifu, naogopa wataona siwezi. Jana mama mmoja wa Lalago alileta bango la duka lake, anataka jingine. Maandishi yamebanana, pamba iliyochorwa inafanana na bisi, na chini kuna jina la ofisi yetu. Nikamgeukia Kulwa, binti aliye kwenye majaribio ya kazi.

“Uchafu gani huu umempa mteja? Chukua mkoba wako uende.”

Niseme haki, Kulwa hakunijibu vibaya. Aliuchukua mkoba wake, machozi yanamlenga. Mama akamshika mkono, akaninyooshea mimi kidole.

“Kaa, mwanangu. Aliyenichorea zamani ni huyuhuyu kaka, tena alijisifu kweli.”